Unataka kwenda kuangalia basketi ya chuo hapa Marekani? Anza kwa kujua uwanja ni wa nani

Kila ikikaribia mwezi wa 11 simu zinaanza. Tiketi za basketi mnanunuaga wapi? Watoto wanalipa? Mkoba wanaruhusu? Nimeshajibu sana kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu yanazama siku hiyo hiyo chini ya picha za harusi na "Bwana asifiwe" mia mbili, kwahiyo nimeona niandike yote sehemu moja kwa mtu ambaye hajawahi kuingia na anataka aende, awe hapa Lexington, Kentucky, au jimbo lingine lolote.

Naongelea basketi ya vyuo, NBA, ile ligi ya wachezaji wa kulipwa, ni habari nyingine. Kentucky nzima haina timu ya NBA, ndo maana hapa timu ya chuo kikuu ni kama Simba na Yanga zimewekwa kwenye jezi moja ya bluu, mpaka bibi wa kizungu kwenye foleni ya duka la dawa atakwambia beki gani hajui kukaba. Na sisi waswahili tuna sababu yetu ya ziada, Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyechezea Kentucky na mwaka 2022 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Mwezi wa 12 mwaka 2021 aliokota rebaundi 28 (mipira inayorudi mtu akirusha akakosa) kwenye mechi moja pale Rupp Arena, uwanja wa nyumbani wa Kentucky, dhidi ya Western Kentucky. Ishirini na nane! Baada ya pale wamama wa Kikongo ambao walikua hawajui hata goli linahesabiwaje walianza kuuliza "mtoto wetu anacheza lini".

Sasa watu wengi wanaanza na bei. Wanafungua simu, wanaona tiketi ya bei ndogo, wananunua, alafu siku ya mechi wanajikuta mji mwingine, au wamekaa nyuma ya nguzo, au wamesimama masaa mawili na mtoto mgongoni. Mi nakwambia anza na jengo. Uwanja ni wa nani na ulijengwa kwa ajili ya kitu gani? Ukishajua hilo karibu kila kitu kingine kinafuata chenyewe, bei, siti, pakingi, mkoba, mpaka nguo za kuvaa.

Majengo yako ya aina tatu, ukishazijua hizi umemaliza nusu ya kazi

Aina ya kwanza ni jengo la chuo chenyewe, lipo ndani ya chuo, limejengwa kwa ajili ya basketi, mara nyingi la zamani na sio kubwa. Cameron Indoor Stadium ya Duke pale Durham, North Carolina, ilifunguliwa mwaka 1940 na inaingiza watu 9,314 tu. Allen Fieldhouse ya Kansas mjini Lawrence ni ya 1955. Hinkle Fieldhouse ya chuo cha Butler, Indianapolis, ni ya 1928, na Palestra ya Philadelphia ni ya 1927, yani lilijengwa wakati babu zetu wengi hawajazaliwa na bado mpira unachezwa humo. Kwenye haya majengo unakaa karibu kabisa, unasikia viatu vinavyolia kwenye mbao na kocha anavyomfokea refa. Lakini sehemu nyingi ni mabenchi ya kubanana bila pa kuegemea, kwahiyo kama mgongo wako una matatizo uliza kabla hujalipa.

Aina ya pili ni arena ya mji. Hii mwenye nyumba ni mji au kampuni, chuo ni mpangaji. Rupp Arena watu wengi wanadhani ni ya chuo, hapana, iko katikati ya mji, imeshikana na jengo la mikutano na hoteli, ilifunguliwa 1976 ikapewa jina la Adolph Rupp aliyekua kocha wa Kentucky toka 1930 mpaka 1972. Zamani ilikua inaingiza watu 23,500, baadae wakatoa mabenchi sehemu za juu wakaweka viti vya kuegemea, idadi ikashuka mpaka elfu ishirini na kitu. Kule Louisville kuna KFC Yum! Center ya 2010, pembeni ya mto Ohio, na yenyewe inaingiza kama elfu 22. Washington DC timu ya wanaume ya Georgetown inachezea mechi zake Capital One Arena, ambapo wenyeji hasa ni Wizards wa NBA na Capitals wa hoki ya barafu. Humu leo kuna basketi, kesho konseti, keshokutwa mahafali, wiki ijayo malori makubwa yanaruka matuta.

Aina ya tatu ni yale madude makubwa ya futboli ya kimarekani yanayowekewa kiwanja cha basketi ndani yake. Syracuse, New York, ndo mfano wa kila siku. Uwanja wao ulifunguliwa 1980 kwa jina la Carrier Dome, siku hizi unaitwa JMA Wireless Dome, na basketi wanaichezea upande mmoja wa uwanja wa futboli. Mwaka 2019 walipocheza na Duke waliingia watu 35,642 kuangalia basketi, mechi ya kawaida ya ligi, sio fainali. (Kichekesho cha jina la zamani ni kwamba Carrier ni kampuni ya viyoyozi na uwanja ulikaa karibu miaka arobaini bila kiyoyozi.) Na fainali ya vyuo yenyewe, ile ya timu nne za mwisho mwezi wa 4, inachezwaga kwenye madude haya haya, mwaka 2014 pale Texas walipita watu 79,000.

Sasa kuna vyuo vinachanganya, na hapa ndo watu wanapotea. Chukua UConn, yani chuo kikuu cha Connecticut, alichosoma Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam kuanzia 2006 mpaka 2009 kabla hajachaguliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. UConn ina uwanja wake chuoni Storrs, Gampel Pavilion, unaingiza kama elfu kumi. Lakini mechi zingine za nyumbani inachezea arena ya mji kule Hartford, na toka Storrs mpaka Hartford ni mwendo wa nusu saa na zaidi kwa gari. Tiketi zote zimeandikwa UConn, zote ni mechi ya nyumbani. Hata hapa kwetu timu ya wanaume inacheza Rupp, ya wanawake iko Memorial Coliseum ndani ya chuo, jengo la 1950 ambalo lilifungwa kufanyiwa ukarabati na timu ikarudi 2024. Kwahiyo ukinunua tiketi usiangalie jina la timu tu, soma jina la uwanja na anwani, alafu weka hiyo anwani kwenye ramani ya simu siku hiyo hiyo.

Chagua mechi kabla ya kuchagua siti

Msimu unaanza mwanzoni mwa mwezi wa 11 unaisha mwanzoni mwa mwezi wa 4. Mwezi wa 11 na wa 12 timu kubwa zinaita vyuo vidogo vije kupigwa, na kweli vinalipwa hela kuja, alafu mara moja moja kile kidogo kinashinda na jengo zima linanyamaza kimya. Hizi ndo mechi za mtu wa mara ya kwanza. Tiketi ni rahisi, siti nzuri zinapatikana, na karibu na Krismasi wanafunzi wameenda makwao kwahiyo kuna nafasi hata zaidi. Toka mwezi wa 1 zinaanza mechi za ligi yao na bei inapanda, na kama ni mahasimu ndo usiseme, Duke na North Carolina ambao vyuo vyao havifiki hata kilomita 20 kati yao, tiketi za mkono wa pili zinauzwa mamia ya dola na wakati mwingine inapita elfu. Wanafunzi wa Duke wanalala kwenye mahema nje ya uwanja kwa wiki kadhaa kwenye baridi ya mwezi wa 1 na wa 2 ili wapate kuingia hiyo mechi. We una shifti ya asubuhi Amazon, achana nayo, iangalie kwenye tivii.

Mechi za wanawake watu wetu wanazidharau sijui kwanini. Mpira ni mzuri, wanacheza kwa pasi na akili, tiketi mara nyingi ni bei ya chakula cha mchana na watoto wanaweza kushuka karibu na uwanja wakapungiwa mkono na wachezaji. Kama una binti wa miaka tisa kumi hivi, mpeleke huko kwanza. Ila angalia na timu, maana UConn na South Carolina wanawake wao wanajaza viwanja na bei inafuata.

Na kwa watu wa Kentucky nina siri nyingine ambayo sio siri. Mwezi wa 3 mashindano ya shule za sekondari za wavulana ya jimbo zima yanachezwa humo humo Rupp, timu 16, shule kubwa na ndogo zote kwenye kapu moja, mechi kadhaa kwa siku. Unaingia jengo lile lile, unakaa viti vile vile, kwa hela kidogo sana ukilinganisha na mechi ya chuo, na mashabiki wanatoka vijijini na mabasi ya njano na tarumbeta zao. Mi naona ndo njia nzuri kuliko zote ya kulijua jengo kabla hujamwaga hela za mechi kubwa.

Kununua tiketi bila kuibiwa

Anza kwenye tovuti ya idara ya michezo ya chuo chenyewe. Humo utaona wanauzia wapi, mara nyingi ni Ticketmaster au kampuni nyingine kama hiyo, bonyeza kupitia pale pale na usiandike tu Google jina la uwanja, maana matangazo ya juu ni ya walanguzi wanaojifanya ndo uwanja, jina la tovuti limefanana kabisa na bei imeshapanda mara mbili. Kama mechi imeisha tiketi, soko la mkono wa pili lipo halali kabisa, StubHub, SeatGeek na wengine, na bei inashuka kadri muda unavyokaribia kama mechi sio kubwa. Jumanne usiku kwenye mvua na timu isiyojulikana, subiri mpaka mchana wa siku yenyewe, utaona bei inavyoanguka. Jumamosi na hasimu usisubiri.

Toka mwezi wa 5 mwaka 2025 sheria ya serikali kuu inawataka waonyeshe bei na makato yote toka mwanzo, sio ile ya zamani dola 18 inageuka 31 ukifika kwenye kulipa. Ukiona tovuti bado inakuficha makato mpaka mwisho, kimbia.

Kitu ambacho lazima ukielewe, tiketi za karatasi karibu zimeisha. Tiketi inakaa kwenye simu, na ile alama ya kuskani mara nyingi inabadilika badilika yenyewe, kwahiyo mtu akikutumia skrinshoti ujue amekutumia picha, hajakutumia tiketi. Tiketi ya kweli inahamishwa kutoka akaunti yake kwenda akaunti yako na unapata imeili. Kwenye magrupu yetu yupo mtu kila mwaka anauza tiketi nne kwa Zelle (ile njia ya kutumiana hela kwa simu), "ndugu nimepata dharura nauza kwa hasara", unatuma hela anakublock. Hata kama jina lake ni la kwenu. Mwambie ahamishe kwanza mbele yako au aziuze kwenye soko la mkono wa pili.

Na usiku kabla ya mechi ziweke tiketi kwenye waleti ya simu, maana mtandao pale getini unakufa kabisa, watu elfu ishirini wote wanafungua apu dakika ile ile. Chaji simu. Ikizimika na tiketi zote za familia ziko humo, mnabaki nje wote na mkeo anakuangalia.

Siti: soma ramani ya jengo, usidanganywe na neno "chini"

Kila mtu anataka chini karibu. Sikatai, ila inategemea jengo, narudi pale pale. Kiwanja cha basketi kina urefu wa mita kama 28 na nusu na upana wa 15. Cha hoki ya barafu kinafika mita 61 kwa 26. Sasa arena iliyojengwa ibebe na hoki, ikiwekwa basketi inabaki nafasi kubwa kwenye ncha mbili, wanajaza na viti vya kuvuta vinavyotoka chini ya jukwaa kama droo, na viti hivyo mara nyingi havina mwinuko wa kutosha. Ukikaa pale nyuma ya goli safu ya kumi, mbele yako yuko jamaa wa futi sita na nusu na kofia, unaangalia mgongo wake dakika 40.

Kwahiyo ukiniuliza mi nitakwambia: safu za mwanzo za ghorofa ya juu, upande wa katikati ya kiwanja. Unaona timu zote mbili zinavyojipanga, bei ni nusu ya zile za chini au pungufu, na mbele yako kuna ukuta mfupi tu hakuna kichwa cha mtu. Ila soma kama kuna maneno ya "obstructed view" (inaziba) au "limited view" (mtazamo pungufu) kwenye tiketi, na kwa mwenye woga wa kimo au mzee wa magoti, ngazi za ghorofa ya juu kwenye arena nyingi ni kali kweli kweli, Assembly Hall ya Indiana inajulikana kwa mwinuko wake, ukisimama unahisi unaweza kudondokea kiwanjani. Lifti zipo, ila lazima uziulize, hazijitangazi.

Kwenye madude ya futboli kanuni inabadilika. Pale Syracuse kiwanja kiko upande mmoja, kwahiyo siti za upande wa mbali ni mbali haswa, tazama ramani ya basketi na sio ya futboli, maana tovuti zingine zinakuonyesha ramani isiyo yake. Na fainali za mwezi wa 4 kiwanja kinawekwa katikati na kuinuliwa juu ya jukwaa, ukiwa safu za chini macho yako yako usawa wa viatu vya wachezaji, ukiwa juu kabisa wachezaji ni wadogo wadogo unaishia kuangalia skrini kubwa iliyoning'inia. Unalipia kusema nilikuwepo. Sio vibaya, ila ujue unalipia nini.

Kingine, jukwaa la wanafunzi. Hapo wanasimama mwanzo mpaka mwisho, wanapiga kelele, wanapaka rangi mpaka tumbo, na kwenye vyuo vingi huingii bila kitambulisho cha mwanafunzi. Usinunue siti ya nyuma yake moja kwa moja kama una watoto au bibi, kwasababu hawatakaa chini hata ukiwaomba.

Mkoba, wamama nisikilizeni

Viwanja vingi sasa mkoba wa kawaida hauingii. Unaruhusiwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, kipimo cha kawaida ni inchi 12 kwa 6 kwa 12, au mfuko wa Ziploc (ule wa nailoni wa kuhifadhia chakula, unaofungwa kwa kubana juu) wa galoni moja, pamoja na pochi ndogo ya kushika mkononi inayolingana na kiganja, kama inchi nne na nusu kwa sita na nusu. Mfuko wa nepi na vifaa vya dawa wana utaratibu wake, kuna geti maalum au wanaupekua, na kila uwanja una sheria yake kwahiyo fungua ukurasa wa uwanja (wa uwanja sio wa chuo, kama mwenye nyumba ni mwingine sheria ni za mwenye nyumba) usome kabla.

Nilishuhudia mama mmoja wa kanisani kwetu amependeza, kitenge kimeshonwa kipya, mkoba mkubwa mweusi wa ngozi, tumefika getini yule kijana anatikisa kichwa, no ma'am. Gari iko mitaa minne nyuma, baridi ya mwezi wa 1, upepo unakata masikio. Ikabidi vitu vyake vihamie kwenye kale kamfuko ka Ziploc ka mtoto kalikokua na biskuti, simu, dawa ya presha, funguo, Biblia ndogo, kila mtu kwenye foleni anaona. Mkoba ukarudishwa kwenye gari na mumewe akakosa robo saa ya kwanza. Nunua ule mfuko wa plastiki, Walmart upo kwa dola chache, uuweke kwenye buti ya gari ukae humo humo mwaka mzima.

Chakula cha kutoka nyumbani hakiingii, sambusa zako zitaishia kwenye pipa. Kuleni kabla. Humo ndani soda na popkoni vina bei ya kuumiza na viwanja vingi havipokei keshi, kadi au simu tu, kwahiyo yule mtu wako anayetembea na noti kwenye soksi mwambie mapema. Na ukishatoka nje mara nyingi huruhusiwi kurudi, wavutaji sigara hilo liwahusu.

Nguo? Vaa rangi ya wenyeji au rangi isiyo ya mtu. Rangi ya wapinzani hakuna atakayekupiga, ila utaimbiwa. Arena yenye hoki, barafu haiyeyushwi kila mara, inafunikwa na mbao za kuzuia baridi alafu sakafu ya basketi inapangwa juu yake vipande kwa vipande, ukikaa karibu ukiangalia vizuri unaona mistari ya maungio. Kwahiyo chini karibu na kiwanja miguu inaweza kuhisi baridi hata kama juu watu wamevua makoti, vaa soksi za maana.

Ukiwa ndani

Fika saa moja kabla, hasa ukiwa na watoto, kuna foleni ya mashine za kukagua vyuma. Wimbo wa taifa ukipigwa unasimama na kuvua kofia, hata kama huo sio wimbo wako. Alafu fuata wenzako, kila jengo lina mambo yake, Kansas wana ule mvumo wa taratibu wa "Rock Chalk, Jayhawk" unaosisimua mwili, Kentucky wanaandika C-A-T-S kwa mikono, mwenzako akisimama simama.

Mchezo wenyewe kwa kifupi: wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20, wanawake robo nne za dakika 10. Timu ina sekunde 30 za kurusha, na mchezaji akifikisha faulo tano anatoka moja kwa moja, kwahiyo ukiona staa ana faulo nne na zimebaki dakika kumi utaelewa kwanini jengo zima lina presha. Dakika 40 za mchezo zinakula masaa mawili na zaidi ya saa ya ukutani.

Sasa siri ya choo. Kwenye mechi ya wanaume kuna mapumziko ya tivii, mchezo unasimama ili matangazo yaonyeshwe, yanakuja kwenye filimbi ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4 kila kipindi, kwa wanawake yanakuja katikati ya kila robo. Mapumziko makubwa ya katikati ni kama dakika 15 na watu wote wanaenda choo kwa pamoja, foleni ya wanawake inazunguka kona. We ondoka kwenye yale ya dakika ya 8 au ya 4 ya kipindi cha kwanza, utakuta hakuna mtu, unarudi na popkoni yako wenzako ndo wanainuka. Ila ukirudi mpira ukiwa unachezwa mhudumu anaweza kukuzuia kwenye ngazi mpaka mchezo usimame, ndo utaratibu, usianze kumgombeza.

Mtoto mdogo mwekee vile vifaa vya masikio, kelele za ndani sio za mchezo. Na umri wa kuingia bure unatofautiana, sehemu zingine mtoto wa kupakatwa halipi, zingine kila pua ina tiketi yake, soma.

Wenyeji wakishinda mechi kubwa wanafunzi wanaweza kumwagika kiwanjani wote. Chuo kinapigwa faini na ligi yao, hela nyingi tu, lakini hawaachi. We na familia kaeni kwenye siti zenu, msishuke, na kama mko safu za chini shikeni watoto sogeeni pembeni ya ngazi mpaka wimbi lipite.

Pakingi na kutoka

Jengo la chuoni pakingi za karibu ni za watu wenye tiketi za msimu na wachangiaji wa chuo, utafukuzwa au utavutwa gari, kwahiyo tafuta kwenye ukurasa wa chuo wapi umma unaruhusiwa, mara nyingi kuna maegesho ya mbali na basi la bure. Arena ya mji una gereji nyingi za kulipia zilizotapakaa, weka gari mitaa mitano sita mbali upande unaoelekea nyumbani kwenu, utembee, ukitoka wenzako wa karibu wamekwama kwenye ghorofa ya tatu ya gereji we ushafika barabara kuu. Na angalia kalenda ya jengo lote, kama kuna mkutano au konseti jirani usiku huo huo, bei ya pakingi inapaa. Washington raha, treni ya Metro kituo cha Gallery Place kiko chini ya arena kabisa, acha gari nyumbani.

Kama mechi ya saa tatu usiku na kesho watoto wana shule, ondokeni kwenye ile taimauti ya mwisho ya tivii ikiwa timu moja inaongoza kwa pointi ishirini. Kama tofauti ni sita kushuka chini, kaeni, dakika mbili za mwisho za basketi ya chuo zinaweza kuchukua dakika ishirini na faulo kumi, mpigie simu anayewasubiri nyumbani mwambie aweke chakula kwenye oveni.